Namba Mbili za Damu Moja

Kwenye kambi za upimaji wa afya zinazofanyika viwanja vya Furahisha, pale Kirumba jijini Mwanza, watu hupimwa presha, uzito na sukari, kisha hufika kwenye meza ya kidole. Ncha ya kidole inachomwa, tone la damu linawekwa kwenye kitepe, na baada ya dakika chache kimashine kinachoenea kiganjani kinatoa namba ya lehemu, yaani kolesteroli. Mama anayeuza dagaa Mwaloni anaambiwa, "Mama, mafuta kwenye damu yamepanda, usikae hivihivi, nenda hospitali." Anapanda kilima cha Bugando au anakwenda Sekou Toure, anatolewa damu ya mshipani, na jibu linalorudi si lile la uwanjani. Huenda limeshuka, huenda limepanda zaidi. Nyumbani watoto wanauliza: tushike lipi?

Wengi watajibu upesi kwamba la maabara ndilo la kweli. Kwa sehemu kubwa wako sahihi, lakini jibu hilo peke yake halimsaidii mtu wa Ukara au Maisome ambaye maabara kubwa iko ng'ambo ya maji. Halisemi pia ni kwa nini namba zimetofautiana, na hapo ndipo penye elimu ambayo kila mpimwaji anastahili kuipata kabla hajaanza kumeza vidonge vya maisha au hajarudi nyumbani ametulia bila sababu.

Tuanze na jambo ambalo watu wengi hawalijui: kimashine cha kidole na mtambo mkubwa wa maabara kwa kawaida hutumia kemia ileile. Njia iliyoenea duniani tangu miaka ya 1970 hutumia vimeng'enya. Kimeng'enya cha kwanza huifungua kolesteroli iliyofungamana na mafuta mengine, cha pili huichoma kwa oksijeni na kuzalisha peroksaidi ya haidrojeni, cha tatu huitumia peroksaidi hiyo kutengeneza rangi. Kolesteroli ikiwa nyingi, rangi inakolea. Maabara hupitisha mwanga ndani ya kimiminika chenye rangi hiyo na kupima kiasi kilichomezwa. Kimashine hukipiga mwanga kitepe na kupima kiasi kilichorudi.

Tofauti inaanzia kwenye kile kinachokutana na vimeng'enya hivyo. Maabara huacha damu igande, huizungusha kwa kasi mpaka chembe zishuke chini, na hupima maji ya juu tu, yaani seramu, ambayo mashine huchota kwa kipimo chake kamili. Kitepe hupokea damu nzima, pamoja na chembe zake nyekundu, na ndani ya unene wake mdogo kinatakiwa kuzichuja chembe hizo, kusambaza maji yaliyobaki sawasawa na kukamilisha mmenyuko, yote kwa tone moja. Tone likiwa dogo, au likiongezwa mara ya pili baada ya la kwanza kuanza kunywewa, hesabu yote inayumba.

Hapo mazingira ya ziwa letu la Viktoria yanaingia moja kwa moja. Watengenezaji wa vifaa hivi huweka mipaka ya uzito wa damu ambamo kifaa kinaaminika: damu isiwe na chembe chache mno wala nyingi mno. Sasa fikiria mwambao wenye malaria, minyoo ya safura na kichocho cha tumbo, ambako kina mama wajawazito na watoto wengi wana upungufu wa damu. Mtu mwenye upungufu mkubwa wa damu yuko nje ya mipaka ambayo kifaa kilijaribiwa ndani yake. Namba itatoka tu, kwa sababu kimashine hakijui kwamba damu ni nyepesi. Anayetakiwa kujua ni mhudumu, na karatasi ya maelekezo ya kiwandani inamwambia, kama imesomwa.

Kuna pia gliserini. Nani Mwanza hapaki? Kipimo cha trigliseridi, ndugu yake kolesteroli kwenye karatasi ya majibu, hufanya kazi kwa kuzivunja trigliseridi na kupima gliserini inayotoka humo. Kidole kilichopakwa losheni au gliserini asubuhi, kisha kikafutwa juujuu, kinaweza kuongeza gliserini yake kwenye tone, na mtu akaonekana ana mafuta ambayo hana. Dawa yake ni maji na sabuni, kisha kukausha kabisa. Spiriti nayo iachwe ikauke kwanza. Na kidole kisikamuliwe. Ukikikamua sana, maji ya nyama za kidole huchanganyika na damu na kuipunguza nguvu. Mhudumu mzuri humwambia mtu aushushe mkono, auchue taratibu kutoka kiganjani, anafuta tone la kwanza na kuchukua linalofuata. Vitamini C kwa wingi mwilini nayo huila peroksaidi kabla haijatoa rangi, na namba ikashuka. Hili la vitamini C laweza kuigusa hata maabara, kwa sababu kemia ni ileile.

Sasa tuje kwenye swali la usahihi wenyewe, maana neno hilo limebeba mambo mawili ambayo lazima yatenganishwe. Wachukulie wachuuzi wawili wa sangara pale Mwaloni, kila mmoja na mizani yake. Mizani ya kwanza inachezacheza: samaki yuleyule wa kilo 10 leo anasoma 9.6, ukimpima tena 10.3, tena 10.1. Mizani ya pili imetulia, na kila ukimpima anasoma kilo 9. Mizani ya kwanza ukiirudia mara nyingi na kupiga wastani utaukaribia ukweli. Ya pili waweza kuirudia mpaka jioni, itakuibia kilo ileile. Vipimo vya lehemu navyo vina makosa ya namna hizo mbili, mtawanyiko na mwegemeo. Mwegemeo ndio wa hatari zaidi, kwa sababu unafanana na uhakika. Mtu akipima mara tatu na kupata namba ileile, anaamini amepata ukweli, kumbe amepata uongo uliotulia.

Mpango wa taifa wa elimu ya kolesteroli wa Marekani ndio uliweka viwango ambavyo watafiti wengi hutumia kuvipima vifaa hivi. Kwa kolesteroli ya jumla, mwegemeo usizidi asilimia 3, mtawanyiko usizidi asilimia 3, na kosa la jumla lisizidi karibu asilimia 9. Kwa HDL, ile inayoitwa lehemu nzuri, kosa la jumla linaruhusiwa kufika asilimia 13. Kwa LDL, ile inayoitwa lehemu mbaya, ni asilimia 12, kwa trigliseridi 15. Zisome tena kwa utulivu. Kifaa kilichofaulu mtihani, chenye cheti, kinaweza kumsoma mtu mwenye kolesteroli ya milimoli 5.0 kwa lita kuwa ana 4.6 au 5.4, na kikahesabiwa kimefanya kazi yake vizuri.

Juu ya hilo, mwili wenyewe hautulii. Kolesteroli ya mtu mmoja, asiyebadili chakula wala dawa, hupanda na kushuka kwa takriban asilimia 6 kati ya siku na siku. Ugonjwa unaitikisa zaidi. Malaria kali, nimonia, hata shambulio la moyo lenyewe, huishusha kwa siku na wiki kadhaa. Kwa hiyo mama yetu wa Mwaloni aliyepata 5.4 uwanjani na 5.0 hospitalini wiki iliyofuata hajapata majibu yanayogombana. Amepata majibu mawili ya mtu mmoja, na yote yanaweza kuwa ya haki.

Watafiti wengi waliolinganisha vifaa vidogo na maabara walikuwa wakitoa ripoti kwa kutumia kipimo cha uwiano: wanachora namba za kifaa dhidi ya namba za maabara, na nukta zikijipanga kwenye mstari wanasema vifaa vinakubaliana. Mwaka 1986 Waingereza wawili, Martin Bland na Douglas Altman, waliandika kwenye jarida la Lancet makala iliyoonyesha kosa la fikra hiyo. Kifaa kinachosoma pungufu ya robo kila mara kitatoa mstari ulionyooka kabisa na uwiano kamili, lakini hakikubaliani na maabara hata siku moja. Wakapendekeza jambo rahisi: kwa kila mtu, toa namba moja kwenye nyingine, kisha tazama tofauti hizo. Wastani wake ndio mwegemeo. Kutawanyika kwake ndiko kunakokuambia mtu mmoja mmoja anaweza kukosewa kwa kiasi gani. Mtu anayekuuzia kifaa akikuambia uwiano wake na maabara ni asilimia 95, muulize tofauti ni kiasi gani. Hana jibu? Usinunue.

Mwegemeo unaweza kujificha hata kwenye kampuni yenye mabilioni. Theranos ya Marekani, chini ya Elizabeth Holmes, iliuaminisha ulimwengu kwamba matone machache ya kidole yanatosha kwa vipimo vingi vya maabara, na ikafungua vituo ndani ya maduka ya dawa ya Walgreens huko Arizona. Watafiti wa New York wakawachukua watu wazima 60 wenye afya, wakawapeleka kupimwa Theranos na kwenye maabara mbili kubwa za nchi ile. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: kolesteroli ya jumla ya Theranos ilikuwa chini kwa wastani wa asilimia 9.3. Holmes alitiwa hatiani kwa kuwalaghai wawekezaji mwaka 2022 na kuhukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 11. Ninalotaka msomaji alishike hapa ni hiyo asilimia 9.3. Inaonekana ndogo. Lakini mtu mwenye 6.5, ambayo kwa vigezo vingi ni ya juu, akipunguziwa kiasi hicho anasomeka 5.9, na anahamishwa kutoka kundi la "ya juu" kwenda kundi la "mpakani". Anaambiwa apunguze chipsi, na hakuna anayemfuatilia tena.

LDL ina shida yake ya pekee, na hili ni jambo ambalo hata baadhi ya wahudumu hawalisemi. Vifaa vingi vidogo, na maabara nyingi pia, haviipimi LDL. Vinaikokotoa kwa kanuni iliyotolewa na Friedewald na wenzake mwaka 1972: chukua kolesteroli ya jumla, toa HDL, toa trigliseridi zilizogawanywa kwa 2.2. Kila kosa la vipimo vitatu linaingia kwenye hesabu. Chukua mtu mwenye kolesteroli ya jumla 5.6, HDL 1.2 na trigliseridi 1.5. LDL yake ni 3.7. Sasa kifaa kisome jumla kwa asilimia 9 chini, 5.1. Kisome HDL juu kidogo, 1.35. Kidole chenye gliserini kiongeze trigliseridi ziwe 2.5. LDL inashuka mpaka 2.6. Makosa mawili ya mwanzo yote yamo ndani ya kiwango kinachoruhusiwa, la tatu ni la losheni, na mtu aliyestahili mazungumzo marefu na daktari amepewa hongera. Trigliseridi zikizidi 4.5, kanuni hiyo haifai kabisa, na LDL inatakiwa ipimwe yenyewe.

Halafu kuna maandishi mawili madogo ambayo kimashine hutoa badala ya namba: "Lo" na "Hi". Kila kifaa kina dirisha lake. Accutrend, kwa mfano, husoma kolesteroli kuanzia 3.88 hadi 7.76, chini ya hapo ni "Lo", juu ya hapo ni "Hi". Dirisha hilo linawatosha watu wengi wa Ulaya. Je, linatutosha sisi? Mwaka 1996 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Lugalawa, kusini mwa nchi yetu, uliowalinganisha wanakijiji wa mwambao wa Ziwa Nyasa wanaokula samaki kila siku na wenzao wa milimani wanaokula mboga na nafaka. Wala samaki walikuwa na wastani wa kolesteroli wa 3.5, wala mboga 4.1. Fikiria kwamba watafiti wale wangekwenda na kifaa chenye dirisha hilo: mtu wa kawaida wa kijiji cha wavuvi asingepata namba. Utafiti mzuri kuliko wote tulionao kuhusu samaki wa ziwa na moyo wa Mtanzania usingewezekana.

Wala "Lo" si habari njema kila mara. Ini lililoharibiwa na kichocho cha muda mrefu hutengeneza kolesteroli kidogo. Mtu aliyedhoofu kwa kifua kikuu au kwa VVU ambavyo havijatibiwa naye hushuka. Mhudumu anayeandika "Lo" na kumwambia mzee "uko salama, baba" huku mzee huyo amekonda na tumbo limejaa maji, ameliacha swali kubwa mezani.

Naisifu maabara, lakini kwa masharti. Namba ya maabara ina thamani kwa sababu ya mambo ambayo mgonjwa hayaoni. Kila asubuhi, kabla ya sampuli ya mtu yeyote, mtaalamu hupitisha sampuli za udhibiti zenye kiwango kinachojulikana, ya chini na ya juu, na kuweka nukta kwenye chati ambayo Levey na Jennings waliianzisha mwaka 1950. Nukta zikianza kupanda siku baada ya siku, mashine inarekebishwa kabla haijamdanganya mtu. Juu yake kuna mnyororo wa ulinganishi unaofika kwenye maabara za rejea, na kwa miongo mingi rejea yake ilikuwa njia ya Abell na Kendall ya mwaka 1952, ya mkono, ya polepole. Mahali mnyororo huo unapokatika, mtambo mkubwa unageuka kuwa kimashine cha bei ghali.

Na unakatika. Vitendanishi vinaisha na oda haijafika. Umeme unakatika friji ikiwa imejaa. Mpira wa kufungia mkono ukikaa dakika tano huku mtu anatafuta mshipa, kolesteroli inapanda kwa zaidi ya asilimia 10, kwa sababu maji yanatoka kwenye mshipa na kuacha mafuta nyuma. Mgonjwa aliyetoka kutembea juani na mgonjwa aliyelala kitandani tangu usiku hawalinganishwi, maana kulala kwa dakika 20 tu hushusha namba kwa kiasi kinachokaribia asilimia 10. Hata kichupa kina neno: damu iliyowekwa kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau, chenye dawa ya kuzuia kuganda, husoma takriban asilimia 3 chini ya seramu. Mtu akilinganisha kidole na maabara bila kuyajua haya, anaweza kukihukumu kifaa kwa kosa la mpira wa mkononi.

Ndiyo maana ulinganishi wa haki una utaratibu wake. Mtu mmoja, muda mmoja, amekaa dakika tano, kidole kinachomwa na mshipa unatolewa ndani ya dakika chache, anayesoma kifaa hajui jibu la maabara, na maabara yenyewe imethibitishwa. Kenya magharibi wamefanya kazi ya namna hiyo: mwaka 2016 jarida la Tropical Medicine & International Health lilichapisha ulinganishi wa kifaa cha CardioChek PA na mtambo wa Cobas wa maabara kwa watu wa huko. Walifanya hivyo kwa watu wao, kwa joto lao na kwa damu zao, bila kutosheka na karatasi ya kiwandani iliyoandikwa kwa wagonjwa wa nchi nyingine.

Mwanza ina kila kinachohitajika kwa kazi hiyo. Kuna Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda tangu 1971, na chuo kikuu cha CUHAS kilicho pembeni yake. Kuna kituo cha utafiti wa tiba cha NIMR na kitengo cha majaribio ya tiba cha MITU. Watafiti wa mji huu ndio walioonyesha mwaka 2014, kwenye Lancet Global Health, jinsi zahanati na vituo vya afya vilivyo nyuma ya hospitali katika matayarisho ya kutibu presha na kisukari. TMDA, inayosajili vifaa tiba na vitendanishi, ina ofisi yake ya kanda hapahapa. Ninachokitaka si kikubwa: kila aina ya kifaa cha lehemu inayouzwa Kanda ya Ziwa ilinganishwe na maabara ya hapa, kwa watu wa hapa, wakiwemo wenye upungufu wa damu na wanaotumia dawa za VVU, na matokeo yabandikwe mahali ambapo mganga wa zahanati ya kisiwani atayaona.

Jambo hili linagusa hata takwimu za taifa. Uchunguzi wa STEPS wa mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 uliripoti kwamba takriban robo ya Watanzania wazima wana kolesteroli iliyopanda. Utaratibu wa STEPS wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu vifaa vya kidole, kwa sababu ndivyo vinavyoweza kubebwa kijijini, na mpaka wake ni 5.0. Watu wengi mno wamesongamana karibu na mpaka huo. Kifaa kinachoegemea chini kwa asilimia 5 tu kinamgeuza mwenye 5.2 kuwa 4.94, naye anatoka kwenye hesabu ya wagonjwa. Zidisha kwa nchi nzima. Bajeti ya dawa hufuata namba hizi, kwa hiyo kuuliza ni kifaa gani kilitumika na kilithibitishwaje ni swali la uongozi kama lilivyo la maabara.

Pamoja na yote haya, sitaki mtu akitupe kifaa cha kidole. Kuna maamuzi ambayo hayahitaji uhakika wa asilimia 3. Mvuvi wa miaka 58 mwenye presha ya 170, anayevuta sigara, ana hatari kubwa ya kiharusi hata kolesteroli yake ikiwa 4.8 au 5.3. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2019 chati mpya za kukadiria hatari ya moyo, na likatengeneza za aina mbili: moja inahitaji kolesteroli, ya pili inatumia uzito na urefu badala yake. Hii ya pili inampa mganga wa kisiwani mahali pa kuanzia bila tone lolote la damu. Kifaa cha kidole kina nafasi yake kama ungo wa kwanza: kutafuta namba kubwa kabisa, hasa ile ya 8 na kuendelea, ambayo mwongozo wa shirika hilo unataka mtu apewe dawa bila kusubiri hesabu ya hatari, kumfuatilia mtu ambaye namba yake ya maabara inajulikana tayari, na kumleta mezani mtu ambaye asingekuja kabisa. Kazi isiyo yake ni kumuanzishia mtu vidonge vya maisha, au kumwondolea, kwa tone moja.

Kwa wale wa ng'ambo, habari njema ni kwamba kolesteroli ni sampuli yenye uvumilivu. Seramu iliyotenganishwa mapema na kuwekwa kwenye baridi hubaki salama kwa siku kadhaa, kwa hiyo damu inaweza kusafiri pale ambapo mgonjwa hawezi. Tangu Juni 2025 daraja la JP Magufuli, lenye urefu wa takriban kilometa 3 kutoka Kigongo hadi Busisi, limeondoa kusubiri kivuko kwa watu wa Sengerema. Boksi la sampuli linalotoka huko asubuhi linaweza kufika maabara ya Mwanza kabla ya mchana. Kinachohitajika ni mashine ya kuzungusha damu kwenye kituo cha afya, boksi la baridi, na mtu aliyepewa jukumu hilo kwa jina.

Wewe msomaji, ukichomwa kidole kesho, nawa mikono kwa sabuni kwanza. Uliza kifaa kinaitwaje, vitepe vinaisha lini muda wake, na kopo limekaa wapi: kopo lililoachwa wazi au kwenye gari juani limekwisha kuharibika hata kama tarehe haijafika. Hakikisha jibu limeandikwa pamoja na kizio chake, maana 200 ya miligramu na 5.2 ya milimoli ni kitu kimoja, na watu wamewahi kuogopa namba kubwa iliyokuwa ya kawaida kabisa. Kama ulikuwa na homa wiki hiyo, sema. Namba ikiwa karibu na mpaka, rudia baada ya wiki chache. Ikiwa itaamua dawa, omba damu ya mshipani. Na karatasi zote mbili, ya uwanjani na ya hospitali, zitunze pamoja na mpelekee daktari azione zote.